Kocha Aliyetozwa Dume Jeusi

Gidahosh alijifunza kucheza mpira wa kikapu miaka mingi kabla hajajua kwamba mchezo huo una refa.

Halikuwa kosa lake. Siku alipouona mpira huo kwa mara ya kwanza hapakuwa na refa wala timu mbili, bali lori moja la sabuni lililoegeshwa pembeni mwa mnada wa Katesh. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, bidhaa zimeanza kumiminika madukani baada ya miaka ya kupanga foleni, na kila kampuni inatafuta namna ya kulipigia kelele jina lake. Wengine walileta ngoma, wengine walileta sinema. Kampuni moja ya sabuni kutoka Arusha ilileta vijana warefu waliovaa fulana za njano, mlingoti wenye ubao na ringi, na mtu mnene mwenye kipaza sauti ambaye jina lake lilikuwa Abdulswamad.

Abdulswamad mwenyewe alikuwa mtoto wa Katesh, wa familia ya wenye maduka, na alijua watu wa mnadani wanapenda nini. Siku ile mlingoti ulikuwa umelegea na ulikuwa ukiyumba kila mpira ulipogonga ubao. Akaangaza macho juu ya umati, akaona kichwa kimoja kilichowazidi wengine wote.

"Wewe mrefu! Ndiyo, wewe. Usigeuke nyuma, nyuma yako kuna ng'ombe tu. Njoo utushikie mlingoti!"

Watu wakacheka. Gidahosh alikuwa ametoka Balangdalalu na mbuzi wa baba yake, nao mbuzi walikuwa wameshauzwa, kwa hiyo akaenda akaushika mlingoti. Aliushika akiwatazama wale vijana wakikimbia, wakiruka, wakirusha, wakikosa. Mpira mmoja ulipodunda hadi miguuni pake, hakuurudisha. Mkono wa kushoto ukiwa bado kwenye mlingoti, aliunyoosha wa kulia akauweka mpira ndani ya ringi, taratibu, kama mtu anayerudisha kibuyu kwenye kigingi chake.

Umati ulilipuka.

"Jamani, huyu hakuruka!" Abdulswamad alipiga kelele. "Mmeona wenyewe, amenyoosha mkono tu! Kijana, unaitwa nani?"

"Gidahosh."

"Kuanzia leo unaitwa Mlima Hanang."

Baba yake alikubali kwa shingo upande ajiunge nao. Alitaka kujua kurusha mpira ni kazi ya namna gani, na Gidahosh akamjibu kwamba ni kazi ya kuuza sabuni. Hilo mzee alilielewa.

Ikawa miaka ya barabara. Babati, Dongobesh, Haydom, Karatu, Singida, kisha wanarudi Arusha kujaza lori na kuanza tena. Gidahosh alijifunza kuuzungusha mpira kwenye ncha ya kidole, halafu akabuni la kwake mwenyewe: kuuzungusha kwenye ncha ya fimbo ya kuchungia huku akitembea na kuwapigia miluzi ng'ombe wasiokuwapo. Alijifunza kuupitisha mpira nyuma ya mgongo na kumpokonya mtu kofia kwa mkono uleule. Wapinzani wao walikuwa vijana wafupi wa timu hiyohiyo waliolipwa kushindwa. Gidahosh akiupata mpira aliweza kuukumbatia akakimbia nao uwanja mzima, akapanda juu ya lori, akauliza bei ya sabuni, akashuka, ndipo akafunga. Hakuna aliyepuliza filimbi. Watoto waliangua kicheko hadi wakakaa chini, na kina mama walinunua.

Alipenda ile sauti ya watu wakicheka. Mtu aliyekulia nyikani, ambako siku nzima unaweza kusikia kengele za ng'ombe tu, anaweza kulewa sauti hiyo. Mshahara alioupata aliugeuza mifugo. Alinunua ndama dume mweusi tii, asiye na doa hata kwenye kwato, akamwacha kwenye boma la baba yake, na kila alipopita nyumbani alimkuta amekuwa mkubwa zaidi.

Kosa lake lilitokea Katesh, kwenye mnada uleule alikoanzia.

Abdulswamad alikuwa amenunua sketi ya ngozi kutoka kwa mchuuzi wa vitu vya watalii huko Mto wa Mbu. Ilikuwa sketi ya mwanamke wa Kibarbaigi aliyeolewa, yenye nyuzi za ngozi zinazoning'inia na shanga zilizoshonwa kwa subira kubwa. Gidahosh, Mbarbaigi mwenyewe, aliitambua kabla haijakunjuliwa vizuri. Vazi hilo mwanamke hukabidhiwa anapoolewa, nalo ni heshima yake na ya wanawake wote waliolivaa kabla yake. Hata mume mwenye hasira hujizuia mbele yake. Tangu utotoni Gidahosh alijua hivyo, kama mtu anavyojua kwamba moto unaunguza.

Lakini alikuwa ameshaivaa Moshi, na watu walicheka. Akaivaa Arusha, wakacheka zaidi. Akawa amejizoesha kuamini kwamba ndani ya uwanja kila kitu ni mchezo, na kilichotoka kwa mchuuzi si cha mtu.

"Leo uko kwenu," Abdulswamad alimwambia. "Vaa, watavunjika mbavu."

Akavaa. Akakimbia kwa madaha, kiuno kikicheza, nyuzi za ngozi zikiruka huku na huku, akafunga kikapu na kupiga goti kama bibi harusi. Wauza mitumba walicheka. Madereva walicheka. Halafu akasikia kitu ambacho hajawahi kukisikia kwenye onyesho: sehemu moja ya umati ilikuwa kimya. Wanawake wa kwao waliokuja kuuza maziwa na ngozi walikuwa wamegeuka. Walijitwika vibuyu vyao, wakaondoka mmojammoja bila neno, na kati yao alikuwamo mama yake.

Wanawake wa Kibarbaigi wana mkutano wao. Mwanamume akiwakosea si kama mtu mmoja bali kama wanawake, wao ndio wanaoketi na kuhukumu, na hakuna mume wala mzee anayeweza kulipindua walilosema. Juma hilohilo waliketi. Walikuja kutoka kila upande wa Balangdalalu, mamia, wakajaza uwanda mzima. Gidahosh aliwekwa mbali kidogo, peke yake juani, na hakuruhusiwa kusema mpaka aulizwe.

Aliyemwuliza alikuwa Bibi Qamara, mwanamke mwembamba mwenye sauti ndogo ambayo iliwalazimu watu wote kunyamaza ili waisikie.

"Ile uliyovaa uliitoa wapi?"

"Kwa mchuuzi, Bibi. Ilinunuliwa."

"Aliyeivua alikuwa nani?"

"Sijui."

"Yuko hai au amekufa?"

"Sijui, Bibi."

"Alikuwa na njaa alipoiuza, au aliibiwa?"

"Hilo pia sijui, Bibi."

"Basi umevaa heshima ya mtu usiyemjua, ukaichezesha kiuno," alisema Bibi Qamara. "Na hukuuliza."

Abdulswamad alitaka kulipa faini yeye mwenyewe, kwa kuwa wazo lilikuwa lake. Wanawake walikataa. Walisema aliyevaa si yeye, na asiyejua hawezi kulipa deni la anayejua. Gidahosh alitozwa dume jeusi, kutoka katika mifugo yake mwenyewe na si ya baba yake, na sketi ikabaki kwa wanawake. Mpaka alipe, hakuna mwanamke ambaye angemsalimu wala kumpa maji, hata mama yake.

Alikuwa na dume jeusi moja tu. Alilipeleka kesho yake asubuhi.

Wanawake walilichinja, wakala, wakaomba, kisha Bibi Qamara akamwambia, "Limekwisha. Hakuna atakayelitaja tena." Na kweli hawakulitaja. Mama yake alimpa maziwa jioni ile kana kwamba alikuwa ametoka malishoni tu.

Aliyeshindwa kuliona limekwisha alikuwa Gidahosh mwenyewe. Hakurudi kwenye lori. Baadaye kampuni yenyewe ilishindwa na sabuni za bei rahisi kutoka nje, na vijana wa njano wakatawanyika. Yeye alipata kazi ya kupakia magunia kwenye ghala la mahindi hapo Katesh, na akikutana barabarani na wanawake wa Balangdalalu alivuka kwenda upande wa pili.

Pengine angebaki ghalani maisha yake yote kama si Mwalimu Justina. Huyu alikuwa mwalimu wa michezo katika shule moja ya sekondari mjini, Mwiraqw kutoka kijiji cha Bashay, mwanamke wa vitendo asiyependa mazungumzo marefu. Wafadhili walikuwa wameiletea shule milingoti miwili na mipira, na hakuna mtu aliyejua vitumike vipi. Alimkuta Gidahosh akiwa na gunia mgongoni.

"Nasikia wewe ulikuwa mchezaji."

"Nilikuwa mchekeshaji, Mwalimu."

"Ulikuwa ukifunga?"

"Nilikuwa nafunga."

"Basi inatosha. Nina wasichana wanajua netiboli tu. Njoo kesho baada ya vipindi, na uoge kwanza, una vumbi la mahindi."

Alienda. Wasichana walimpenda kuanzia siku ya kwanza, kwa sababu kila zoezi lilikuwa na kichekesho ndani yake. Walijifunza kupitisha mpira bila kuangalia, kuzungusha, kuruka, kumdanganya adui kwa macho. Letisia, msichana mrefu wa kidato cha pili kutoka Balangdalalu, ndiye pekee aliyesumbua kwa maswali.

"Mwalimu, kwenye netiboli ukiushika mpira hutembei."

"Hiyo ni netiboli. Kikapu ni huru."

"Huru kabisa? Naweza kukimbia nao?"

"Hadi nyumbani kwenu ukitaka."

Wakaenda Babati kucheza mechi yao ya kwanza. Refa alikuwa kijana aitwaye Lameck, aliyesomea michezo chuoni. Letisia aliupata mpira, akaukumbatia, akakimbia. Filimbi. Mwenzake Doris akaupata, akakimbia. Filimbi. Kila msichana wa Katesh aliyegusa mpira alipulizwa filimbi, mpaka Lameck mwenyewe akachoka, akasimamisha mchezo akamfuata Gidahosh.

"Kocha, samahani. Hawa wanacheza mchezo gani?"

"Kikapu."

"Mpira wa kikapu unadundwa, kocha. Ukishaushika huruhusiwi kutembea nao."

Gidahosh alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Tangu lini?"

Uwanja mzima ulicheka. Letisia ndiye aliyecheka kuliko wote, akamwambia, "Si nilikwambia, Mwalimu!" Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mnadani, Gidahosh alichekwa na hakuona vibaya. Mechi ilipokwisha, na walikuwa wamefungwa vibaya sana, alimwomba Lameck aje Katesh siku za mapumziko. Lameck alikuja. Gidahosh aliketi kwenye nyasi pamoja na wasichana wake, akafundishwa sheria pamoja nao, na Letisia akawa anamwuliza maswali ya kumjaribu. Ule ujanja wa maonyesho haukupotea. Ulipopata mipaka ukawa silaha, kwa sababu msichana anayeweza kupasi nyuma ya mgongo huku akidunda kihalali ni taabu kubwa kwa mlinzi yeyote. Miaka miwili baadaye hakuna shule ya Hanang wala Mbulu iliyotaka kukutana nao.

Mwaka 2002 mkoa wa Manyara ulizaliwa. Wilaya zilizokuwa zikihesabiwa chini ya Arusha zikapata mkoa wao, na mkoa unahitaji ofisi, magari, mihuri, na pia timu za shule. Timu ya kwanza ya wasichana ya mpira wa kikapu ya Manyara ilijengwa juu ya wasichana wa Gidahosh. Wangekwenda Morogoro kwa mashindano ya mikoa, safari ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuifanya, na kila mzazi alitakiwa kutoa ruhusa.

Baba zao walikubali haraka, wakajivuna. Lakini kwa wasichana wa Balangdalalu, ambao walikuwa nusu ya timu na nguvu yake yote, baba walisema tu, "Waulizeni mama zao." Nyuma ya mama hao alikuwapo Bibi Qamara, na Letisia alikuwa mjukuu wake.

Gidahosh akakosa usingizi. Wasichana aliowafundisha kutoka sifuri wangezuiwa kwa sababu yake, na hakuwa na la kujitetea. Ni mama gani atakayempa mwanamume aliyefanya vile binti yake, aende naye mbali? Akamwomba Mwalimu Justina aende kwa Bibi Qamara badala yake, na Justina akaenda na Letisia kama mkalimani. Walirudi mapema kuliko alivyotarajia.

"Hataki kuzungumza na mimi," alisema Justina. "Amesema, kama kocha ana miguu mirefu hivyo, kwa nini ametuma mifupi?"

Basi akaenda mwenyewe. Alimkuta Bibi Qamara ameketi kwenye kivuli cha nyumba yake, na wanawake wengine wameketi karibu wakimsubiri yeye, ilivyoonekana.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kaa. Ukisimama unatuzibia upepo."

Alikaa. Maneno aliyoyapanga njia nzima yalimkimbia, akaanza na lile lililokuwa kooni mwake. "Bibi, kwanza kuhusu lile jambo la mnadani. Najua kwamba ninyi bado..."

"Jambo gani?"

"Lile la sketi, Bibi. Nataka kusema kwamba hata leo..."

Bibi Qamara aliinua mkono. Sauti yake ilishuka zaidi, na Gidahosh akajua kwamba hiyo ndiyo hasira yake. "Wewe ulileta dume, hukuleta?"

"Nilileta."

"Lilikuwa jeusi?"

"Jeusi, Bibi."

"Tulikula?"

"Mlikula."

"Tukasema limekwisha?"

"Mlisema."

"Sasa wewe ni nani wa kusema halijaisha? Mamia ya wanawake wameketi, wamehukumu, wamefunga. Miaka yote hii unavuka barabara ukituona. Tulidhani una kiburi cha mjini. Kumbe unaketi huko peke yako unatuhukumia upya kesi yetu!" Aliwageukia wenzake. "Mnasikia? Huyu anastahili kutozwa dume la pili, kwa kulifukua la kwanza."

Wanawake waliangua kicheko. Mmoja wao alisema, "Lakini safari hii liwe nono zaidi, lile lilikuwa na mifupa mingi!" Gidahosh aliinamisha kichwa, mabega yake yakaanza kutikisika, na ilichukua muda kabla wengine hawajajua kwamba na yeye alikuwa anacheka. Kwa miaka yote alidhani aibu yake ndiyo adabu. Haikuwahi kumjia kwamba kuendelea kujilaumu ni kuwaambia wanawake hukumu yao haikutosha.

"Haya," alisema Bibi Qamara, "sasa sema lililokuleta."

Akasema. Walimwuliza maswali kwa muda mrefu, na hakuna hata moja lililohusu mnada. Wasichana watalala wapi? Nani anapika? Watavaa nini? Gidahosh alitoa bukta na fulana kwenye mfuko, zikapita mkono kwa mkono, wakazivuta kuona kama zina nguvu. Bibi Qamara alisema ni nguo za kazi na hazina neno. Halafu akatoa sharti. Wasichana hawawezi kwenda mbali hivyo na mwalimu mmoja mwanamke asiyejua lugha yao. Lazima aende mama.

"Mama yupi, Bibi?"

"Mimi si mzee sana kupanda basi."

Desturi hiyo imebaki. Mpaka sasa, Gidahosh akiwa na mvi na magoti yanayolia wakati wa mvua, timu yake haisafiri bila mwanamke mzima aliyechaguliwa na wenzake, na wanagombania nafasi hiyo. Wanawake wa Bashay nao wamedai zamu yao.

Lakini ile ya kwanza, Morogoro, ilikuwa yake Bibi Qamara. Aliketi kwenye benchi la timu na sketi yake ya ngozi, bangili za shaba zikijaa mkononi, na afisa mmoja alipouliza huyo ni nani, Mwalimu Justina alijibu bila kupepesa kwamba ndiye meneja. Wasichana walianza kwa woga, wakaachwa nyuma. Gidahosh alikuwa ameketi mwisho wa benchi, mikono katikati ya magoti, akinong'ona maelekezo ambayo hakuna aliyeyasikia.

"Wewe," Bibi Qamara alimwambia. "Yule mwenzako wa upande ule anasimama na kupiga kelele. Wewe unaumwa?"

"Nikisimama watu wananiangalia, Bibi."

"Si ndiyo faida ya urefu? Letisia anakutafuta kwa macho, hakuoni. Simama."

Alisimama. Ukumbi wote ulimwona, maana hakuna namna ya kutomwona. Letisia aligeuka, akamwona, na Gidahosh akapiga kelele kwa Kibarbaigi na Kiswahili, akionyesha kwa mikono mahali pa kupita. Letisia alidunda, akamdanganya mlinzi kwa macho, akapasi nyuma ya mgongo, na Doris akafunga. Wakafunga tena. Gidahosh alikuwa akitembea, kisha akikimbia ukingoni, kisha akawa ameingia uwanjani bila kujua, na refa akapuliza filimbi akamjia kumwonya arudi nyuma ya mstari.

Bibi Qamara aliinuka. Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani tu, lakini kilitosha.

"Wewe mwenye filimbi! Unamgombeza nini kocha wetu?"

Refa alimtazama yule bibi, akasahau alichotaka kusema. "Shikamoo, Bibi. Amevuka mstari."

"Marahaba. Atarudi. Usimkaripie, huyo tumemruhusu sisi."